Mtetemo Usio na Mwenyewe

Gari linaingia gereji likitetemeka. Fundi analiinua kwa jeki, anakuta kitu kimoja kimekwisha kweli, anakitoa, anakuonyesha, unakishika kwa mkono wako mwenyewe. Unalipa. Gari linatoka, na likifika barabarani bado linatetemeka. Sasa nani anamdai nani?

Fundi hakudanganya. Alisema krosi imekufa, na krosi ilikuwa imekufa. Wewe pia hudanganyi: ulichopeleka gereji ni mtetemo, si krosi, na mtetemo umerudi nao nyumbani. Kila mmoja ametimiza upande wake na bado mapatano hayajatimia. Mabishano ya aina hii huishia kwenye kelele, au mtu mmoja anaitwa mwizi na watu wanatawanyika. Mimi naona tusiyaache hapo, maana ndani yake kuna swali linalotuhusu hata sisi tusio na gari: je, kila ubovu lazima uwe na mwenyewe?

Falsafa niliisoma chuo kikuu miaka miwili kabla karo haijanishinda, na swali hili sikulikuta darasani. Nililikuta Ngaremara, chini ya pikapu ya mama mkubwa wangu.

Ngaremara iko kaskazini ya mji wa Isiolo, kando ya barabara ya A2, ile inayopita Archer's Post, Merille na Marsabit mpaka Moyale. Pikapu yenyewe ni Land Cruiser ya miaka ya tisini, namba yake inaanza na KA, nyuma imefungwa vyuma vya kubebea mbuzi. Siku ya soko inapanda Merille na wafanyabiashara wawili watatu na magunia machache, jioni inarudi imejaa mbuzi. Mama mkubwa anaishi kwa hiyo pikapu. Karo ya watoto, unga, dawa zake za presha, vyote vinatoka kwenye safari hiyo.

Mtetemo ulianza ikifika kilomita 70 kwa saa, na kwenye 80 ukakolea. Haukuwa kwenye usukani. Ulikuwa kwenye kiti, kwenye sakafu, kwenye meno.

Zamani hakuna mtu angeusikia. Barabara ya kwenda Merille ilikuwa ya changarawe yenye mawimbi, na gari lilitikisika mpaka bolti zikajifungua zenyewe. Kilomita 136 za kutoka Isiolo hadi Merille ziliwekwa lami kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010, na baadaye lami ikafika mpaka Moyale. Barabara ilipotulia, ndipo magari yakaanza kusema. Hili si jambo dogo. Kuna maovu ambayo huwezi kuyasikia mpaka yale makubwa yanyamaze kwanza. Kwa hivyo mtu anayelalamika leo juu ya kitu ambacho wazazi wake hawakukilalamikia si lazima awe amedekezwa. Huenda yeye ni wa kwanza kupata utulivu wa kukisikia.

Basi matengenezo yakaanza. Kwanza tairi zikasawazishwa na rimu moja iliyopinda ikanyooshwa. Ilikuwa imepinda kweli. Mtetemo ukabaki. Pili, krosi zote mbili za propela. Zilikuwa zimekauka grisi na moja ilikuwa na mchezo. Mtetemo ukapungua wiki moja, au sisi ndio tulitaka upungue, kisha ukawa uleule. Tatu, beringi za magurudumu ya nyuma. Nne, ule mpira unaoshikilia giaboksi. Ukijumlisha spea na kazi, pikapu ilikula mbuzi wanne wakubwa. Na kila mara mama mkubwa alikabidhiwa kitu kibovu kimefungwa kwenye gazeti, ushahidi kwamba pesa yake haikuliwa bure. Alivipanga dirishani kama vikombe vya mpira.

Spea zilipoisha, akabaki mtu.

"Mama, hii gari nimeigusa yote," fundi alimwambia. "Iko sawa. Labda uangalie dereva."

Dereva ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Ana mke na mtoto mchanga, na kazi nyingine hana. Mama mkubwa akaanza kumhesabia: anaachilia klachi vibaya, anapenda mbio, anapakia bila mpango. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mmoja tu, kwamba kila kitu kingine kilikuwa kimeshabadilishwa. Akamwambia amalize mwezi halafu alete funguo.

Tuisimamishe stori hapo kidogo, maana mantiki ya mama mkubwa si ya kuchekwa. Ni mantiki ambayo sote tunaitumia. Unaorodhesha vyote vinavyoweza kuwa chanzo, unakitoa kimoja kimoja, na kinachobaki ndicho. Hospitali hufanya hivyo, polisi hufanya hivyo. Lakini hesabu hiyo inatoa jibu la kweli kwa sharti moja: chanzo kiwe kweli ni kimojawapo cha vitu ulivyoviorodhesha. Kama ubovu hauko ndani ya kitu chochote, utavitoa vyote mpaka ufike kwa mtu asiye na kosa, na hapo utamhukumu kwa uhakika mkubwa, kwa sababu hesabu imekamilika.

Aliyeugundua mtetemo ni fundi mzee ambaye siku hizi anatengeneza zaidi pampu za maji na jenereta. Siku ya kwanza hakufungua bolti hata moja. Alipanda gari, akamwambia na tanboi apande, wakaelekea Archer's Post wakiwa tupu. Njiani aliuliza maswali tu, na jibu lililofungua mlango lilitoka kwa tanboi.

"Tukipanda tupu ndio inasumbua," kijana alisema. "Tukirudi na mbuzi inanyamaza. Hata mimi hulala."

Alikuwa anajua hilo kwa miezi mitano. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, kwa sababu yeye ni tanboi.

Alichofanya yule mzee baadaye kinaeleweka hata na asiye fundi, nami nakieleza kwa sababu ni mfano mzuri wa kufikiri. Gari likiwa kwenye 80 kwenye lami iliyonyooka, alimwambia dereva atoe gia, injini ibaki inapumua tu huku gari likiendelea kuteleza. Mtetemo haukuondoka. Kwa hiyo si injini wala klachi, maana injini ilikuwa imeshapunguza mizunguko na mtetemo haukujali. Unafuata mwendo wa magurudumu. Lakini ni magurudumu yenyewe, au ni kile kinachoyazungusha? Fanya hesabu. Kwenye 80, tairi ya pikapu kama ile inazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Propela, ule mwanzi mrefu wa chuma unaotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka zaidi ya mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, yaani kama mara 36 kwa sekunde. Tairi ikiwa na kasoro utasikia kishindo kinachokaribia kuhesabika. Propela ikiwa na kasoro utasikia mvumo, kama simu inayoita bila sauti chini ya kiti. Huu ulikuwa mvumo.

Kwa hivyo ni propela. Lakini krosi zilikuwa mpya, na mwanzi ulikuwa umenyooka. Kila kipande kilikuwa kizima.

Hapa inabidi tujue krosi ni kitu gani. Ni kiungo chenye umbo la msalaba kinachoruhusu mwanzi uzunguke hata ukiwa umepinda kidogo. Ulaya jina lake limefungamana na Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, na katika karne ya 17 Mwingereza Robert Hooke alikichunguza kwa makini. Kiungo hiki kina ila ya kuzaliwa. Kikiwa kimepinda, hakipitishi mzunguko sawasawa: katika kila duara moja kinaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili, hata kikiwa kipya kutoka kwenye boksi. Ndiyo maana propela ina krosi mbili. Ya nyuma inapangwa ielekeane na ya mbele, kwa pembe ileile, ili pale ya mbele inapoharakisha ya nyuma ichelewe. Ila mbili zinafutana, na magurudumu yanapata mzunguko tulivu. Ukiangalia vizuri, utulivu wa gari hautoki kwenye ukamilifu wa krosi yoyote. Unatoka kwenye makubaliano kati ya krosi mbili zisizokamilika.

Yule mzee akalala chini ya gari na simu yake, ile programu ya kupima mwinamo. Akaiweka nyuma ya giaboksi, kisha kwenye pua ya difu. Pembe zile mbili zinatakiwa kulingana. Zilipishana digrii tano.

Akauliza, "Hizi springi mliongeza lini?"

Springi ziliongezwa majani mwaka uliotangulia, na vishikizo vyake vya nyuma vikabadilishwa kuwa virefu, ili mgongo wa gari usilale likibeba mbuzi. Kazi nzuri kabisa. Tangu siku hiyo gari halikuwahi kulala. Lakini mgongo ulipoinuka, difu nayo ikainua pua, na yale makubaliano ya krosi mbili yakavunjika. Gari likijaa mbuzi linashuka, pembe zinakaribiana, mtetemo unanyamaza. Likiwa tupu linapanda, na mtetemo unarudi. Tanboi alikuwa amesema ukweli wote kwa sentensi mbili.

Dawa ilikuwa kabari mbili za chuma kati ya springi na ekseli, kuirudisha pua ya difu mahali pake. Fundi wa springi mwenyewe alizichonga. Gharama haikufika nusu mbuzi. Safari iliyofuata tanboi alilala kwenda na kurudi.

Sasa turudi kwenye swali. Ubovu ulikuwa wapi? Si kwenye krosi, si kwenye springi, si kwenye difu. Ungeziweka zote mezani, ukazikagua moja moja kwa siku nzima, usingeuona. Aristotle ana mfano katika Metafizikia ambao Mswahili anauelewa haraka kuliko mtu mwingine, kwa sababu sisi tulifundishwa kusoma kwa silabi. Silabi "ba", anasema, si "b" na "a" tu. Ukizitenganisha herufi, herufi zipo bado lakini silabi haipo. Kwa hiyo silabi ni herufi pamoja na kitu kingine, na hicho kitu kingine si herufi ya tatu. Mimi naongeza: kama uzima wa silabi hauko ndani ya herufi, basi na ubovu wake unaweza usiwe humo. Mtetemo wa Ngaremara ulikuwa wa aina hiyo. Ulikaa katikati ya vitu. Haukuwa na mwenyewe.

Najua hatari ya kusema hivi. Kenya tunawajua watu wanaopenda sana ubovu usio na mwenyewe. Pesa ya umma ikipotea, wao husema ni mfumo. Barabara ikibomoka kabla ya mvua ya pili, ni mfumo. Ukikubali kwamba kosa linaweza kukaa katikati, je, hujawafungulia wezi mlango wa nyuma? Na wapo mafundi, hebu tuseme wazi, wanaokufungia spea feki au kukubadilishia kitu kizima. Hao wana hatia na hatia yao ina jina.

Jibu langu ni kwamba Kiswahili kimetupa maneno mawili na hatuyatenganishi inavyostahili. Kuna hatia, na kuna wajibu. Hatia inauliza nani alikosea. Wajibu unauliza nani ashike spana. Hatia inaweza kukosa mwenyewe bila wajibu kukosa mwenyewe. Fundi wa springi hakuwa na hatia yoyote, lakini alikuwa na wajibu wa kumwambia mwenye gari, nimeinua mgongo, mtetemo ukitokea nirudieni. Fundi wa krosi hakuwa na hatia, lakini alikuwa na wajibu wa kuuliza, hili gari limeguswa na nani kabla yangu? Anayesema "ni mfumo" ili aende nyumbani ameelewa nusu. Kama ni mfumo, basi kila aliyegusa mfumo aje chini ya gari. Idadi ya wanaopaswa kuja inaongezeka, haipungui.

Tena, katika stori hii yote kulikuwa na kosa moja lililokuwa na mwenyewe kabisa. Ni ile sentensi, "labda uangalie dereva." Fundi aliyeisema hakuwa na dalili yoyote dhidi ya binamu yangu. Alikuwa amefika mwisho wa ujuzi wake, na badala ya kusema "mama, bado sijaujua," akamtafutia mtetemo mwenyewe. Na mama mkubwa aliipokea kwa sababu ilimpa kitu cha kufanya. Dereva anaweza kufukuzwa. Pembe haiwezi kufukuzwa. Kwa hivyo ubovu usio na mwenyewe ulizaa dhuluma yenye mwenyewe, na nadhani mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Hatuvumilii ubovu unaoelea hewani, tunautafutia mtu wa kuuvaa, na kwa kawaida tunamchagua aliye chini. Binamu yangu alibaki kazini. Msamaha hakuombwa. Mimi nasema anadaiwa, na nimemwambia mama mkubwa hivyo kwa adabu, chai ikiwa mezani. Alinijibu kwamba kumwachia funguo ndio msamaha wenyewe. Hatujakubaliana.

Lakini ningekuwa mnafiki nikiwalaumu mafundi peke yao. Tumewafundisha sisi. Mteja analipa kwa furaha kitu kilichokuja kwenye boksi, akapewa na kile cha zamani kwenye gazeti. Mwambie alipe saa mbili za fundi kuendesha, kuuliza na kulala chini ya gari na simu, atasema, "Kwani umefanya nini?" Tunanunua spea, kufikiri tunataka bure. Halafu tunashangaa kwamba kila jibu tunalopewa ni spea. Vilevile zahanati: tunataka sindano, na daktari aliyeuliza maswali mengi akatuambia tunywe maji tunamwona hajui kazi.

Na kusikiliza tunakotaka bure, tunakutaka pia kutoka kwa watu wachache tu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tanboi ndiye aliyekilalia kile kitanda, kwa maana halisi kabisa. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi mpaka alipofariki mwaka 1995, alitumia miaka kwenda vijijini kuzungumza na watu wenye hekima ambao hawakupita shule, akitaka kuonyesha kwamba kufikiri kwa kina hakungoji kisomo. Wengi wa aliowatafuta walikuwa watu wazima wenye heshima katika jamii zao. Mimi ningemwongezea kijana wa miaka kumi na tisa anayelala juu ya mbuzi. Yeye hakuwa na nadharia ya pembe, lakini alikuwa na kitu ambacho mafundi wote wanne hawakuwa nacho: alijua mtetemo unaondoka lini.

Nimekaa kwenye mabaraza ya amani kwetu, Waturkana, Wasamburu na Waborana chini ya mti mmoja, na nimesikia mantiki ileile. Fujo zikitokea, watu wanadai chifu abadilishwe, mkubwa wa polisi ahamishwe. Wakati mwingine kweli alikuwa amekwisha, kama ile krosi. Na aliyeua ameua, huyo ana hatia na jina. Lakini fujo hurudi, na tukishabadilisha kila kitu tunabaki kuitazama jamii ya jirani kama mama mkubwa alivyomtazama dereva. Tunasahau kuuliza kile alichouliza yule mzee: hii inatulia lini, na inasumbua lini? Ni msimu gani tulichota maji kisima kimoja bila ugomvi, na ni nini kiliinuliwa baada ya hapo, pengine na mtu mwenye nia njema kabisa?

Kwa hiyo nani anamdai nani? Kama spea ilikuwa mbovu kweli, fundi hadaiwi pesa. Anadaiwa neno: mtetemo haujaisha na bado sijaujua. Mwenye gari naye anadaiwa malipo ya yale masaa ambayo hayatoi kitu cha kufunga kwenye gazeti. Na yeyote anayetaka kumtaja mwenye kosa anadaiwa dalili, si orodha ya vitu vilivyokwisha kubadilishwa.

Vile vyuma vinne bado viko dirishani kwa mama mkubwa. Nilimwambia aviuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Amekataa, anasema amevilipia.